Tusali Saa Ngapi? Somo kwa Waalimu na kwa Wenye Nyumba



Mara nyingi waalimu wa sharika zetu za Njombe na Makambako huulizwa neno hili: "Jirani zetu Wakatoliki wana saa zao za sala. Kengele yao hulia asubuhi, hulia adhuhuri, hulia jioni, nao wajua la kufanya. Sisi je? Saa yetu ni ipi?" Wengine huuliza kwa kuwa wameoana na Wakatoliki, na katika nyumba moja mke ashika desturi hii na mume desturi ile, au hapana anayeshika hata moja. Swali hili si dogo. Nyumba nyingi zilizokuwa zikisali pamoja zimeacha, wala hazikuacha kwa kuikana imani. Ziliacha kwa sababu saa iliyochaguliwa haikuwa saa ya watu wale. Leo baba hakuwapo, kesho mama alikuwa jikoni, kesho kutwa watoto walilala. Baada ya mwezi mmoja kitabu kikawekwa juu ya kabati, kikakaa pale.

Basi na tulichunguze jambo hili taratibu. Tutaanza na Maandiko, tuone na Kanisa la kale na watawa wa Kikatoliki walivyofanya, ndipo turudi nyumbani kwetu.

Kwanza tuseme neno ambalo wengi wetu hulipita pasipo kuliona. Sisi tusomao Kiswahili tumepewa faida kubwa katika jambo hili. Mzungu asomapo katika Matendo ya Mitume 2:15 ya kuwa ilikuwa saa tatu Petro aliposimama kunena siku ya Pentekoste, hana budi kukaa na kuhesabu, maana kwake saa tatu ni usiku wa giza, au ni alasiri. Kwetu sisi saa tatu ni saa tatu: jua limepanda, umande waanza kukauka, watu wamekwisha kushika kazi. Wayahudi na Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama tuhesabuvyo sisi. Kwa hiyo saa za Biblia hazina haja ya kutafsiriwa kwetu. Zasomeka kama zilivyo.

Fungueni basi Matendo ya Mitume. Katika 10:9 Petro apanda juu ya dari kusali, yapata saa sita; naye aona njaa, wenyeji wanapomwandalia chakula. Katika 3:1 Petro na Yohana wapanda kwenda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Katika 10:30 Kornelio naye alikuwa akisali nyumbani mwake saa tisa alipotokewa na malaika, naye hakuwa Myahudi, alikuwa akida wa askari wa Rumi. Kisha fungueni Marko 15. Bwana wetu alisulibiwa saa tatu. Giza likaingia nchi yote saa sita. Saa tisa akalia kwa sauti kuu. Wakristo wa kwanza hawakuweza kuzisikia saa hizo tatu pasipo kumkumbuka. Hapana shaka hii ndiyo sababu mojawapo ya saa hizo kupendwa na Kanisa kwa karne nyingi.

Lakini je, ni amri? Danieli alisali mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Zaburi ya 55 yataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Zaburi ya 119 yataja mara saba kwa siku katika mstari wa 164, na usiku wa manane katika mstari wa 62. Bwana Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana kwenda mahali pasipo watu (Marko 1:35), na mara nyingine alikesha usiku kucha mlimani (Luka 6:12). Paulo na Sila walisali usiku wa manane kwa sababu walikuwa gerezani, miguu yao imefungwa katika mkatale. Mtu atakaye kutoa sheria ya saa katika maneno hayo atashindwa, kwa kuwa hesabu hazilingani. Atapata mifano mingi mizuri, wala hatapata amri hata moja.

Neno hili lilikwisha kutambuliwa zamani, tena na watu wa bara letu. Kitabu kidogo kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, kilicho cha zamani sana, chawaambia Wakristo wasali Sala ya Bwana mara tatu kila siku, wala hakitaji saa yo yote. Baadaye, yapata mwaka 200, Tertulliano wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo sasa Tunisia, aliandika juu ya sala. Alisema kwamba saa tatu, saa sita na saa tisa hazikuamriwa, walakini ni vizuri kuzishika, kwa kuwa mtu mwenye shughuli hupata kitu cha kumvuta atoke katika kazi yake kwa kitambo kidogo. Ila alizitenga sala mbili, akazisema kuwa ni deni letu pasipo kuambiwa na mtu: sala ya kupambazuka na sala ya kuingia usiku. Askofu Kipriano wa mji uo huo, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alifundisha vivyo hivyo, akaongeza ya kuwa saa hizo tatu zaweza kumkumbusha mtu Utatu Mtakatifu. Tuyashike maneno hayo ya Tertulliano, maana tutayakuta tena mbele.

Sasa tuje kwa jirani zetu. Mtu atokaye Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, kisha akaendelea na barabara ya Songea, yumo katika nchi ambayo watawa wa Mtakatifu Benedikto wameifanyia kazi muda mrefu. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika Tanganyika mwaka 1888, wakaanza Pugu karibu na Dar es Salaam, na mwaka 1898 wakaanza Peramiho. Upande wetu wa Njombe wajulikana Uwemba, na tena Imiliwaha, waliko masista Wabenediktini Waafrika. (Wazee wetu wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini mwa ziwa Nyasa mwaka 1891, ndipo kazi ikaenea hata Ubena: Kidugala, Lupembe, Ilembula. Basi tumekuwa majirani zaidi ya miaka mia.) Mtu akilala Imiliwaha au Peramiho atasikia kengele kabla ya mapambazuko, na masista au mabruda wakiimba Zaburi. Wengi wetu husikia wakadhani ya kuwa watawa ni watumwa wa saa. Yafaa tuisome Kanuni yao wenyewe.

Benedikto aliiandika Kanuni yake huko Italia katika karne ya sita. Mwenye kuisoma hustaajabu kuona jinsi alivyoziachia saa nafasi ya kusogea. Wakati wa baridi aliagiza ndugu waamke saa nane ya usiku, nasi twaijua saa hiyo. Naye atoa sababu, ya kuwa wawe wamelala kupita kidogo nusu ya usiku na chakula kiwe kimekwisha kushuka tumboni. Hakusema waamke kwa kuwa saa nane ni takatifu. Wakati wa joto, usiku ukiwa mfupi, aliagiza sala ya usiku ifupishwe, isomwe sehemu fupi tu kwa moyo. Sala ya saa tisa, wakati wa kazi za shamba, aliruhusu isaliwe mapema kidogo, katikati ya saa ya nane, ili watu warudi kazini mpaka jioni. Chakula cha jioni aliagiza kiliwe kungali na mwanga, pasipo kuhitaji taa. Katika sura ya 50 anena juu ya ndugu wafanyao kazi mbali wasioweza kufika kanisani kwa wakati: hao wasali pale pale walipo, wapige magoti shambani. Hata msafiri asiache saa zake, bali asali awezavyo.

Twaona basi ya kuwa saa za Benedikto zilifungwa na mambo matatu: jua, kazi na tumbo. Tena ikumbukwe kwamba saa yao haikuwa na dakika 60 sikuzote. Mchana wote uligawanywa sehemu kumi na mbili, uwe mrefu au mfupi. Huko Rumi saa moja ya mchana wakati wa baridi ilikuwa kama dakika 45, na wakati wa joto kama dakika 75. Saa ilinyoshwa na kufupishwa pamoja na mwanga.

Ilivyopita miaka, mambo yakaharibika kidogo, na Wakatoliki wenyewe wasema hivyo. Sala zikawa wajibu wa padre mmoja mmoja, kuzimaliza katika kitabu chake kabla ya siku kwisha. Sala ya usiku ikasaliwa jana yake alasiri, ili isimsumbue mtu kitandani. Wakati wa Kwaresima, kwa kuwa watu hawakula mpaka baada ya sala ya jioni, sala ya jioni ikasogezwa ikasaliwa kabla ya adhuhuri, kusudi wapate kula! Sala ya saa tisa nayo ilisogea nyuma hata Waingereza leo wauita wakati wa adhuhuri kwa jina litokalo katika neno la Kilatini la "saa ya tisa". Tumbo, ambalo Benedikto alilipa haki yake, hapo lilipewa ufalme.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya ibada, ulitaka kulitengeneza jambo hili. Uliamuru ya kuwa Masifu ya Asubuhi na Masifu ya Jioni yawe bawaba mbili ambazo sala ya kila siku huzunguka juu yake. Sala moja ya asubuhi iliyokuwa imezidi iliondolewa. Katika zile tatu ndogo, za saa tatu, saa sita na saa tisa, asiye mtawa wa kuimba pamoja na wenzake aliruhusiwa kuchagua moja. Sala ya usiku iliruhusiwa kusaliwa saa yo yote. Tena hati yasema ni vizuri kila sala isaliwe karibu na wakati wake wa kweli, yaani ya asubuhi iwe asubuhi, na ya jioni jioni. Na walei nao wakaalikwa kuisali. Kitabu kipya kilithibitishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1970.

Msomaji ataona tulipofika. Bawaba mbili za Vatikano ndizo zile sala mbili za Tertulliano.

Kuna na desturi nyingine za jirani zetu zisizo za kitabu cha watawa. Ile kengele ya asubuhi, ya adhuhuri na ya jioni ni ya sala iitwayo Malaika wa Bwana, ikumbushayo habari njema aliyoletewa Mariamu. Na wengi siku hizi husali saa tisa alasiri, saa ya kufa kwake Bwana, Rozari ya Huruma ya Mungu, iliyoenea kwa sababu ya Sista Faustina wa Polandi, aliyekufa mwaka 1938. Sisi hatusali kwa namna hiyo. Lakini kengele iliayo adhuhuri yaweza kumkumbusha na Mlutheri Sala ya Bwana, wala haitamdhuru.

Na Luther je? Wako wadhanio ya kuwa Luther alizitupa saa za sala kwa sababu alikuwa mtu wa uhuru. Habari yenyewe ni nyingine, tena yasikitisha. Alipokuwa mtawa alikuwa na kazi nyingi za kufundisha, kuhubiri na kuandika, hata hakuweza kusali saa zake kwa wakati. Basi alizilimbikiza, wiki nzima, mara nyingine wiki mbili au tatu. Kisha alijifungia chumbani siku nzima au zaidi, hali wala hanywi, mpaka amezimaliza zote. Kichwa kikamzunguka, usingizi ukamtoka, akaugua. Alisimulia mwenyewe baadaye mezani pake. Yapata mwaka 1520 akaacha. Hakuacha sala, aliacha deni lisilolipika.

Mwaka 1523 alipotunga utaratibu wa ibada kwa sharika, aliagiza watu wakutane kila siku, alfajiri saa kumi au saa kumi na moja, na tena jioni saa kumi na moja au saa kumi na mbili, wasome Neno, wafafanuliwe, wasali. Akaonya jambo lote lisipite saa moja au karibu yake, ili roho zisichoke. Baadaye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliileta sala nyumbani. Hapo hakutaja saa hata moja. Alisema uamkapo kitandani, na uendapo kulala, na kabla ya kula, na baada ya kula. Kila mwalimu ameyafundisha maneno hayo, lakini ni wangapi tuliowahi kuona ya kuwa Luther amezifunga sala kwenye kitanda na meza, wala si kwenye saa ya ukutani? Na mwaka 1535 alimwandikia rafiki yake Petro, kinyozi wa Wittenberg, kitabu kidogo juu ya njia ya kusali. Alimshauri sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, tena ajihadhari na ile fikira isemayo, ngoja kidogo, nimalize hili na lile kwanza. Tumefurahi sikuzote ya kuwa kitabu hicho kiliandikiwa kinyozi, mtu wa kazi za mikono na wateja mlangoni.

Sasa turudi Njombe. Yafaa mwalimu ajue kwanza jua lake. Saa ya Tanzania imewekwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, nao wapita mbali na kwetu, katika bahari. Njombe iko karibu na digrii 35, na kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua letu huchelewa kama dakika 40 kuliko saa ya ukutani, na hata kuliko jua la Dar es Salaam huchelewa dakika 18 hivi. Saa ya ukutani isemapo saa sita kamili, jua bado halijafika utosini. Ndugu zetu Waislamu wa Makambako wajua hayo vizuri, kwa kuwa adhuhuri yao huenda kwa jua. Mwezi wa Juni jua huchomoza kwetu kama dakika tano kabla ya saa moja. Mwezi wa Desemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Tofauti yake haifiki saa moja. Huko Wittenberg mchana wa Juni wapita saa 16, na wa Desemba haufiki saa 8! Mungu ametupa siku zilizo karibu sawa mwaka mzima. Mtu wa Ubena aweza kushika saa moja ya sala mwaka wote, ikiwa ameichagua vema, jambo lililowatesa watawa wa Ulaya.

Lakini baridi ya Juni na Julai si jambo la kudharauliwa. Mwalimu atangazaye sala ya nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mwezi ule ambao majani huamka meupe kwa jalidi, amewapa watu mzigo wa kuubeba siku tatu tu. Tumeona afadhali sala ya asubuhi ifungwe kwenye moto. Katika nyumba nyingi mama ndiye awashaye moto wa kwanza, na watoto huja wenyewe kuota. Hapo wote wapo, wamekaa, mikono yao haina kazi, maji hayajachemka. Dakika kumi zatosha: Sala ya Bwana, mistari michache, sala fupi kwa ajili ya kazi ya siku ile. Kisha chai, kisha shule na shamba. Wavunao majani ya chai, Kibena au Luponde au Lupembe, wengine hutoka nyumbani mapema zaidi. Hao wasali wakiwa njiani, wakitembea, wala wasidhani ya kuwa sala ya njiani ni sala ya daraja la pili. Benedikto aliwaruhusu watawa wake.

Jioni ni ngumu zaidi, na hapa ndipo nyumba nyingi zilipopotea. Mwalimu husema saa moja jioni, kwa kuwa ndiyo saa nzuri mbele ya macho yake. Saa moja jioni mama yuko juu ya sufuria, binti yuko na ndoo, ng'ombe hawajafungwa, na baba, hasa majira ya mvua ulanzi unapokuwa mwingi, yuko penginepo. Akisogeza mpaka saa tatu, watoto wamelala na wakubwa wameshika simu. Kuna wakati mmoja tu ambapo nyumba yote imekusanyika pasipo kuitwa, nao ni wakati ugali unapoepuliwa. Basi sala iwe hapo, kabla ya kunawa mikono. Baba mwenye kuchelewa atajifunza kuwahi, kwa kuwa chakula chake kiko nyuma ya sala. Iwe fupi, maana chakula kikipoa watoto wataichukia sala, na kosa si lao.

Twajua wako watakaosema ya kuwa hivyo ni kumpa Mungu masazo ya siku, nafasi iliyobaki kati ya jiko na sahani. Hatuoni hivyo. Petro alikuwa na njaa saa sita juu ya dari, chakula kikiandaliwa chini, na hapo ndipo alipoonyeshwa ya kuwa mlango wa mataifa umefunguliwa.

Makambako ina shida yake. Ni mji wa njia panda: barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, barabara ya Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wako wauzao chakula kwa wasafiri wa usiku, wako walinzi, wapakizi wa mbao na wa viazi, madereva walalao katika malori. Kwa mlinzi asubuhi ndiyo jioni yake. Akifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, asisali sala ya asubuhi kwa sababu tu kumekucha. Asali sala ya kulala, kisha alale kwa amani, na aamkapo alasiri asali ya kuanza kazi. Hatusemi hivyo kwa kulegeza kanuni. Katekisimo yasema uamkapo na uendapo kulala, naye atimiza yote mawili. Na mfanya biashara ambaye saa tatu asubuhi duka limejaa watu, achague saa sita au saa tisa, wakati wateja wapunguapo, asimame kitambo cha Sala ya Bwana moja. Tertulliano alimfikiria mtu kama huyo.

Limebaki lile la nyumba zenye makanisa mawili. Hapa twaomba waalimu wawe na upole. Mume Mlutheri asimkataze mkewe Mkatoliki rozari yake, wala mke asimlazimishe mume kuitikia asiyoyaamini. Ila katika nyumba hiyo pawe na sala moja ya wote, nayo iwe ya bawaba mbili, asubuhi na jioni, ambazo makanisa yote mawili yamezikubali. Maneno yake yawe yale yaliyo mali ya wote wawili: Sala ya Bwana, Imani ya Mitume, Zaburi. Baada ya hapo kila mmoja aongeze yake peke yake. Katika nyumba ambamo wazazi walishindana kila jioni juu ya sala ipi ni ya haki, watoto hawakuchagua ya baba wala ya mama. Walipokua hawakusali kabisa. Huzuni hii twaifahamu katika sharika zetu, wala hatuwezi kuisingizia shule au simu.

Kabla ya kutangaza saa yo yote katika mtaa, mwalimu na apite nyumba kwa nyumba aulize: mwaamka lini, mwala lini, nani hayupo na kwa nini. Aulize kina mama kwanza, kwa kuwa wao ndio wajuao siku ya nyumba ilivyo. Tena arudi kuuliza mwezi wa Desemba, wakati wa kulima na kupanda, na wakati wa mavuno, asije akashika saa ya mwaka jana.

Kwa sala ya kulala tungependa kuwapa wenye nyumba kitu kimoja cha watawa kilicho chepesi. Benedikto alipanga Zaburi zote 150 zisaliwe kwa wiki moja, kila siku zake; lakini kwa sala ya kulala aliweka Zaburi tatu zile zile kila usiku, ya 4, ya 91 na ya 134. Kitu kisemwacho kila usiku hukaa moyoni, na mtu aweza kukisema gizani, taa imezimwa na kitabu kimefungwa. Zaburi ya 91 ni ndefu kwa mtoto. Ya 134 ina mistari mitatu tu, nayo yahusu watumishi wasimamao usiku nyumbani mwa Bwana; mlinzi wa Makambako naye ataipenda. Watoto waanze na hiyo.